Arusha na Nairobi: Umbali wa Ndege na Saa za Safari

Somo hili la historia lilisomwa redioni, na sasa limepigwa chapa ili wewe na wenzako wa darasa la watu wazima mpate kulisoma polepole, kulirudia na kujadiliana. Uwe na kalamu na daftari karibu, maana leo historia itachanganyika na hesabu. Hesabu zenyewe si ngumu. Ni za kujumlisha na kugawanya tu.

Swali la leo ni hili: Kutoka Arusha mpaka Nairobi ni mbali kiasi gani kwa ndege, na safari hiyo huchukua muda gani? Watu wengi watakujibu upesi, "Ni saa moja tu." Jibu hilo si baya, lakini halitoshi. Maana palikuwa na miaka ambayo ndege zilikuwako, viwanja vilikuwako, marubani walikuwako, na bado mtu wa Arusha hakuweza kufika Nairobi kwa saa moja. Hata kwa siku moja ilikuwa shida. Tutaona kwa nini.

1. Umbali wenyewe

Tuanzie Kijenge, upande wa mashariki wa mji wa Arusha. Ukisimama Kijenge ukatazama kaskazini, utauona Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya meta 4,500. Nairobi iko huko huko kaskazini, nyuma ya mlima, ng'ambo ya mpaka.

Mtu wa Kijenge ana viwanja viwili vya ndege. Kimoja kiko magharibi ya mji, Kisongo, kwenye njia ya kwenda Dodoma. Ni kiasi cha kilomita 10 kutoka Kijenge. Hicho ndicho Kiwanja cha Ndege cha Arusha. Cha pili ni Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro, ambacho watu hukiita KIA. Hicho kiko mashariki, kati ya Arusha na Moshi, karibu kilomita 50 kwa barabara.

Nairobi nayo ina viwanja viwili vinavyojulikana sana: Wilson, cha ndege ndogo, na kile kikubwa cha Jomo Kenyatta, ambacho kilifunguliwa mwaka 1958 kikiitwa Embakasi.

Sasa chukua ramani na rula. Piga mstari ulionyoka kutoka Kisongo mpaka Wilson. Mstari huo ni kama kilomita 230. Piga mwingine kutoka KIA mpaka Jomo Kenyatta. Huo nao ni kama kilomita 230. Kwa wazee waliozoea maili, hizo ni kama maili 143. Ndege itokayo KIA hupita katikati ya milima miwili: Meru upande wa kushoto na Kilimanjaro upande wa kulia.

Andika namba hiyo katika daftari lako: 230. Namba hiyo haitabadilika katika somo lote. Mambo mengine yote yatabadilika.

2. Kabla ya ndege

Mtu aendaye kwa miguu hawezi kufuata mstari wa rula. Hufuata maji, hukwepa milima, hulala penye usalama. Barabara ya leo kutoka Arusha kupita Longido na Namanga mpaka Nairobi inapata kilomita 270. Mtu mwenye nguvu akienda kilomita 30 kwa siku, atatumia siku tisa. Gawanya 270 kwa 30, uone.

Reli ilipokuja ilipunguza siku, lakini ilizunguka sana. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walijenga njia ya reli kutoka Voi, katika Kenya, kuelekea Moshi, ili kupeleka askari na vyakula vyao. Mwaka 1929 reli ya kutoka Moshi ikafika Arusha. Basi mtu wa Arusha akitaka kwenda Nairobi kwa garimoshi, alikwenda kwanza mashariki mpaka Moshi, akauzunguka Mlima Kilimanjaro kwa kusini, akafika Voi, ndipo akarudi kaskazini-magharibi mpaka Nairobi. Safari hiyo ilikuwa zaidi ya kilomita 500. Yaani njia ya reli ilikuwa ndefu kuliko mstari wa rula zaidi ya mara mbili.

3. Eropleni za kwanza

Mwaka 1929, mwaka ule ule reli ilipofika Arusha, mama mmoja mkazi wa Kenya, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya ndege mjini Nairobi. Iliitwa Wilson Airways. Kiwanja cha Wilson kinakumbusha jina lake mpaka leo.

Mwaka 1932 Imperial Airways, kampuni ya Waingereza, ilikamilisha njia ya kutoka London mpaka Cape Town, Afrika Kusini. Njia hiyo ilipita Nairobi, kisha Moshi, kisha Dodoma, kisha Mbeya, ikaendelea kusini. Safari nzima ilichukua siku kumi au kumi na moja, kwa sababu ndege za wakati ule zilitua mara nyingi kutia mafuta, na abiria walilala njiani.

Nani walipanda ndege hizo? Zilichukua barua za posta, maofisa wa serikali, na watu wenye fedha nyingi. Wazee wetu walizisikia juu, wakainua macho, wakaziita eropleni, kisha wakaendelea na kilimo chao. Njia ilikuwa imefunguliwa juu ya vichwa vyao, lakini haikuwa yao.

Tarehe 1 Januari 1946 lilianza Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, East African Airways. Lilianza na ndege ndogo za mbao na kitambaa zenye injini mbili, aina ya Dragon Rapide. Kila moja ilichukua abiria wasiozidi wanane. Mwendo wake ulikuwa kiasi cha kilomita 210 kwa saa.

Hapa tufanye hesabu. Umbali ni kilomita 230. Mwendo ni kilomita 210 kwa saa. Ukigawanya, utapata saa moja na dakika tano au sita. Sasa tazama ratiba za siku hizi: ndege kati ya KIA na Nairobi hupewa muda wa karibu saa moja. Huenda ukashangaa. Mwaka 1946 ilikuwa kama saa moja, na leo ni kama saa moja! Katika njia fupi kama hii, ndege yenye mwendo mkali haina nafasi ya kuonyesha nguvu zake. Ikisha kupanda juu, huanza kujitayarisha kushuka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kujua kwa nini safari ya Nairobi imekuwa nyepesi au ngumu katika miaka hii yote, usitazame injini ya ndege peke yake. Tazama watu, serikali zao na mapatano yao.

4. Saa moja na uhai wa mtu

Kabla hatujaendelea, tuone thamani ya saa moja. Mwaka 1957 madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha kazi ya madaktari wa ndege katika Afrika Mashariki. Michael Wood alikuwa na shamba upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, na kazi hiyo ikaweka makao yake katika kiwanja cha Wilson. Kutoka kazi hiyo lilizaliwa shirika tunalolijua leo kwa jina la Amref.

Madaktari hao walijua jambo moja wazi. Mgonjwa aliyeumia vibaya kijijini, mbali na hospitali, hawezi kungoja siku mbili za njia mbovu. Saa moja ya ndege yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kupona na kufa. Basi tunapozungumza habari ya saa za safari, tusidhani ni habari ya starehe ya matajiri tu.

5. Ndege zetu sote

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, Uganda mwaka 1962, na Kenya mwaka 1963. Nchi hizi tatu ziliendelea kuwa na reli moja, posta moja na shirika moja la ndege. Mwaka 1967 zilitia sahihi Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na makao makuu ya Jumuiya yakawekwa hapa Arusha. Makao ya mashirika yaligawanywa: bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, reli na ndege Nairobi.

Angalia sana jambo hilo la mwisho. Ndege zilikuwa mali ya nchi tatu, lakini makao na karakana kubwa vilikuwa Nairobi. Watu wakielewana, hilo si neno. Wasipoelewana, mwenye karakana ndiye mwenye ndege.

Katika miaka hiyo watalii wengi waliotaka kuona Serengeti na Ngorongoro walitua kwanza Nairobi, kisha wakavuka kuja Tanzania. Tanzania ikaona inafaa iwe na mlango wake yenyewe. Kwa hiyo kilijengwa kiwanja cha KIA, kikafunguliwa mwaka 1971, ili ndege kubwa kutoka ng'ambo ziweze kutua karibu na Arusha na Moshi bila kupitia kwingine.

6. Mwaka 1977

Jumuiya iliingia katika matatizo. Mwaka 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Uganda, na Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja. Marais watatu, ambao ndio waliokuwa wakuu wa Jumuiya, hawakukutana tena. Tanzania ilifuata siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, Kenya ikafuata njia nyingine. Kila nchi ilidhani mwenzake anafaidi zaidi. Fedha za mashirika ziligombaniwa, na Shirika la Ndege likazama katika madeni.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 ndege za East African Airways ziliacha kuruka. Kenya ilianzisha shirika lake, Kenya Airways. Mwezi wa Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Magari na ndege ndogo za kampuni za Kenya zilizokutwa Tanzania zilishikwa. Mwezi wa Machi Tanzania ikaanzisha Shirika la Ndege la Tanzania. Uganda nayo ilikuwa na lake. Mahali pa shirika moja pakawa na mashirika matatu.

Je, umbali wa Arusha na Nairobi uliongezeka? Hapana. Ulikuwa ule ule, kilomita 230. Lakini kwenda moja kwa moja hakukuruhusiwa tena. Msafiri ilimpasa azungukie nchi ya tatu.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme msafiri anatoka KIA anapitia Addis Ababa, Ethiopia. Kutoka KIA mpaka Addis Ababa ni kama kilomita 1,390. Kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi ni kama kilomita 1,160. Jumlisha: kilomita 2,550. Sasa gawanya kwa 230. Utapata kumi na moja. Yaani msafiri huyo angekwenda njia iliyo ndefu mara kumi na moja ili kufika mahali ambapo, kama si mpaka, angefika kabla chai yake haijapoa. Na nauli je? Na kungoja ndege ya pili? Mtu wa kawaida hakuweza. Alibaki nyumbani.

Mwenye ndugu Nairobi hakuweza kwenda kumzika. Mfanyabiashara wa Arusha aliyenunua bidhaa Nairobi alipoteza njia yake ya halali, na wengine wakaanza magendo kwa njia za panya. Wafanyakazi wengi wa Jumuiya, ambao walikuja Arusha kutoka nchi zote tatu, walipoteza kazi, na madai ya malipo yao yakaendelea kwa miaka mingi. Hata Wamasai, ambao malisho yao yako pande zote mbili, walijikuta mstari wa ramani umegeuka kuwa ukuta.

7. Mlango wafunguliwa

Ugomvi wa ndugu hautatuliwi kwa kununiana. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, alipewa kazi ya kusuluhisha. Aliandika hesabu za mali na madeni ya Jumuiya, akaenda huku na huku kati ya serikali tatu. Mwezi wa Novemba 1983 Rais Nyerere wa Tanzania, Rais Moi wa Kenya na Rais Obote wa Uganda walikutana hapa hapa Arusha, na mpaka ukafunguliwa tena. Mwezi wa Mei 1984 mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi, pia Arusha.

Hesabu miezi. Kutoka Februari 1977 mpaka Novemba 1983 ni miaka sita na miezi tisa. Mtoto aliyezaliwa Kijenge mwezi ule mpaka ulipofungwa, alikuwa akikaribia umri wa kuanza shule siku ulipofunguliwa. Kwake yeye, Nairobi ilikuwa jina la redioni tu.

Tarehe 30 Novemba 1999 mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha, ukaanza kazi mwezi wa Julai 2000. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Namanga, ili msafiri akaguliwe mahali pamoja, badala ya kukaguliwa upande mmoja na kukaguliwa tena upande wa pili.

Usidhani, lakini, kwamba mambo haya yamekwisha kabisa. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, Kenya na Tanzania hazikuelewana juu ya masharti ya wasafiri, na kuanzia Agosti Tanzania ilizuia ndege za Kenya Airways mpaka Septemba. Mwezi wa Januari 2024 palitokea tena mabishano juu ya ndege za mizigo, na Tanzania ikatangaza kuzuia safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Safari hii viongozi walizungumza upesi, na jambo likamalizika kwa siku chache. Hilo ni fundisho. Miaka ya sabini walinyamaziana, wakapoteza karibu miaka saba. Mwaka 2024 walizungumza, wakapoteza siku chache tu.

8. Safari yako mwenyewe

Sasa tufanye hesabu ya safari ya siku hizi kutoka Kijenge. Tuseme unatumia saa moja kwenda KIA. Abiria wa nchi za nje huambiwa afike mapema. Weka saa mbili. Ndege yenyewe, saa moja. Nairobi, kuonyesha pasipoti, kuchukua mzigo na kuingia mjini, weka saa moja na nusu. Jumla ni saa tano na nusu. Basi la kupitia Namanga nalo huchukua kama saa tano au sita. Umeona? Ndege iko hewani saa moja tu. Saa nyingine zote ni za barabara, foleni na karatasi. Ukitaka kupunguza saa za safari, anza na hizo.

Jambo jingine la kukusaidia ni kusoma tikiti. Saa za tikiti huhesabiwa tangu usiku wa manane, kutoka 00:00 mpaka 23:59. Ukiona 10:00, hiyo ni saa nne asubuhi. Ukiona 14:30, hiyo ni saa nane na nusu mchana. Ukiona 19:00, hiyo ni saa moja jioni. Anayesoma 10:00 akadhani ni saa kumi jioni, atakuta ndege imekwenda zamani. Tena, saa zinazoandikwa ni za mahali penyewe. Arusha na Nairobi zina saa moja, kwa hiyo ukitoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika unapata muda wa safari. Lakini Kigali iko nyuma kwa saa moja. Ukienda huko, ongeza saa moja katika hesabu yako.

9. La kukumbuka

Ndugu msomaji, umbali kati ya viwanja viwili vya ndege hupimwa kwa rula, na haubadiliki. Muda wa safari hupimwa kwa mambo mengi: mwendo wa ndege, njia ya kwenda kiwanjani, karatasi za mpakani, nauli, na zaidi ya yote, mapatano ya majirani. Ndege ya mbao ya mwaka 1946 ingeweza kuruka njia hii kwa saa moja na dakika chache. Mwaka 1980, zilipokuwako ndege zenye mwendo mkali kuliko ile, msafiri alizunguka nchi ya tatu. Siku nyingine ukiambiwa Nairobi ni saa moja, kumbuka kwamba saa hiyo ilitafutwa kwa mazungumzo, na hutunzwa kwa mazungumzo.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini njia ya reli kutoka Arusha mpaka Nairobi ilikuwa ndefu kuliko njia ya ndege?
2. Ndege yenye mwendo wa kilomita 460 kwa saa ingetumia dakika ngapi kwa kilomita 230?
3. Tikiti yasema 16:15. Hiyo ni saa ngapi kwa Kiswahili?
4. Waulizeni wazee wa mtaa wenu: miaka ya kufungwa kwa mpaka waliishije, na ndugu zao walioko Kenya waliwapataje?
5. Ni kazi zipi ambazo majirani wawili wanaweza kuzifanya kwa pamoja, na wakubaliane nini kwanza ili wasije wakagombana?